Namna ya Kuandaa Onyesho la Bluzi na Muziki wa Afrika Magharibi Mjini Bagamoyo

Anayetaka kuwakutanisha jukwaani Bagamoyo wapigaji wa bluzi kutoka Marekani na wanamuziki wa Afrika Magharibi kwa kawaida huanza kwa kuwaza majina ya wasanii, tarehe na ukumbi. Ushauri wangu ni kwamba aanze na kora. Kora ina nyuzi 21 zilizokazwa juu ya nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe, na nyuzi hizo hupatanishwa kwa skeli ya sauti saba kabla wimbo haujaanza; zikishapatanishwa, mpigaji hawezi kuhamia ufunguo mwingine, yaani sauti nyingine ya msingi, katikati ya wimbo kama awezavyo mpiga gitaa. Balafoni, ambayo ni marimba ya Afrika Magharibi, ina masharti makali zaidi, kwa kuwa vipande vyake vya mbao hupewa sauti zake vinapochongwa, na hubaki nazo. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa mwandaaji, kabla hajaandika hata barua moja ya mwaliko, unahusu ufunguo utakaotawala usiku ule, na wa kuulizwa ni mwenye kora au mwenye balafoni. Mpiga gitaa atafuata.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kuhudhuria onyesho la aina hii ambalo bendi mbili zilitangazwa pamoja, kila moja ikapiga kwa saa nzima peke yake, kisha zikaitwa pamoja mwishoni kwa wimbo ambao hazikuufanyia mazoezi. Mwenye kora, mtu aliyesafiri nusu ya bara, alisimama muda mrefu akigusa nyuzi mbili tatu zilizokubaliana na gitaa, na watu wakapiga makofi kwa adabu. Wasanii wale walikuwa hodari kupita kiasi, na ilikuwa hasara kubwa kwamba hakuna aliyewaandalia mahali pa kukutania.

Nyimbo zinazoweza kukaa pamoja

Bluzi inayojulikana zaidi duniani hukaa katika vipimo 12 na kodi tatu (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na mwimbaji husema mstari mmoja mara mbili, kisha huujibu kwa mstari wa tatu. Umbo hilo ni zuri, lakini ndilo linaloisumbua kora kuliko mengine yote. Tuseme kora imepatanishwa kwenye F, kama wafanyavyo wapigaji wengi. Skeli yake ina A na E, ilhali mwimbaji wa bluzi huishusha sauti ya tatu na ya saba, tena si kwa kuruka kutoka sauti moja hadi nyingine, bali kwa kuteleza mahali fulani katikati ambapo piano haina kibao. Kora ikiendelea kupiga E yake iliyo wazi wakati gitaa linapiga E bemoli, iliyo nusu hatua chini yake, masikio ya wasikilizaji yatahisi kasoro, hata kama hawataweza kuitaja.

Suluhisho la kwanza ni la mkono. Kwa kuwa nyuzi 21 zimegawanywa katika sauti saba, sauti nyingi, ikiwemo ya saba, hurudiwa mara tatu, na kwa hiyo mpiga kora anahitaji kuteremsha nyuzi tatu tu nusu ya hatua ili apate sauti ya saba ya bluzi. Sauti ya tatu aiache. Aiepuke katika mapigo yake, na awaachie mwimbaji na mpiga gitaa waikunje watakavyo. Kazi ya kuteremsha nyuzi tatu na kuzijaribu huchukua dakika chache, zaidi kidogo kwa kora ya zamani inayokazwa kwa pete za ngozi badala ya vifunguo vya chuma. Kwa sababu hiyo nyimbo zote zinazohitaji mpangilio huo ziwekwe sehemu moja ya usiku, zisitawanywe, la sivyo wasikilizaji watautumia usiku kutazama mtu akikaza na kulegeza nyuzi. Mpiga gitaa naye aweke kapo, yaani kibanio cha nyuzi zote, kwenye kikato cha kwanza cha shingo ya gitaa, apige kwa vidole vile vile alivyozoea kwenye E, na sauti itatoka F.

Suluhisho la pili ni bora, na ningependa mwandaaji alijengee onyesho lake. Iko bluzi isiyobadilisha kodi kabisa, au inayobadilisha kwa nadra sana. Hiyo ndiyo bluzi ya vilima vya kaskazini mwa Mississippi, iliyopigwa na watu kama Fred McDowell, R. L. Burnside na Junior Kimbrough, na ndiyo njia aliyoipenda John Lee Hooker hata baada ya kuhamia Detroit na kurekodi huko mwaka 1948. Katika muziki huo besi hubaki mahali pamoja, kidole gumba kikigonga bila kuchoka, na yote yanayobadilika hubadilika juu yake: neno, pumzi, uzito wa mkono. Mtu wa kingo za mto Niger akiusikia muziki huo hahitaji kuelezwa. Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Niafunké nchini Mali, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2006, alipozisikia sahani za Hooker aliona kwamba anasikia muziki wa kwao, na maisha yake yote alishikilia msimamo huo. Nyimbo nyingi za Wasonghai wa kwao na za eneo la Wassoulou, kusini mwa Mali, hukaa kwenye skeli ya sauti tano, na skeli hiyo haina ugomvi wowote na bluzi ya kodi moja.

Hapa lazima nifafanue jambo la majina. Ngoni nitakayoitaja ni ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, yenye mwili wa mbao uliochimbwa na kuwambwa ngozi, wala haihusiani na ndugu zetu Wangoni wa Songea. Kwa onyesho la aina hii, bajeti ikiwa ndogo kiasi cha kumleta mpigaji mmoja tu kutoka Mali, mimi ningemchagua mpiga ngoni kabla ya mpiga kora. Ngoni hukunja sauti, hujibu gitaa kwa ukali ule ule, na ukoo wake ni wa karibu na ule wa banjo, ambayo asili yake ni Afrika Magharibi, ingawa wengi huiona kama ala ya wazungu wa Marekani. Akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia, yenye uzi mmoja mfupi wa kidole gumba, inafanana na banjo kiasi kwamba ukiziweka pamoja mezani hata mtoto ataona udugu wao. Ukiweza kupata banjo na ala ya aina hiyo kwa usiku mmoja, ziweke jukwaani karibu karibu, na usimpe mshereheshaji nafasi ya kueleza; zipigwe.

Usiwachague wasanii kana kwamba Afrika Magharibi ni kijiji kimoja. Majeli wa Kimandinka, ambao Wafaransa huwaita magrioti, wamerithi kazi yao katika koo maalumu, kama vile Diabaté, Kouyaté na Sissoko, na nyimbo zao kuu ni za nasaba na sifa, zikiwemo zile za Sunjata Keita aliyeiasisi dola ya Mali katika karne ya 13. Ali Farka Touré hakutoka katika ukoo wa majeli. Muziki wa Wassoulou, ambao Oumou Sangaré aliufikisha mbali, umetokana na ala za wawindaji na za vijana. Tinariwen, Watuareg wa jangwani, wana magitaa ya umeme na mwendo wa ngamia. Kila mmoja wa hawa hukutana na bluzi kwenye mlango wake, na mwandaaji aamue anafungua mlango gani. Onyesho moja likijaribu kufungua yote litachosha.

Kabla ya kuchagua, sikiliza kazi zilizokwisha kufanywa. Ali Farka Touré alirekodi na Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, albamu iliyotoka mwaka 1994. Toumani Diabaté, bingwa wa kora aliyefariki mwaka 2024, alirekodi na Taj Mahal, mwanabluzi wa Marekani, albamu iliyotoka mwaka 1999. Taj Mahal huyo huyo alikuja visiwani kwetu, akapiga bluzi yake na Culture Musical Club ya Zanzibar, na albamu iliyotokana na kazi hiyo ikatoka mwaka 2005 ikiitwa Mkutano. Isikilize hiyo kwa makini zaidi ya nyingine, kwa sababu inaonyesha namna fidla na ganuni za taarabu zinavyoweza kumpisha mgeni bila kuacha ustaarabu wake. Katika rekodi hizi zote utagundua kwamba kila wimbo una mwenyeji na una mgeni. Anayetangulia huweka mwendo, na anayefuata huingia taratibu.

Historia isemwe kwa usahihi

Bagamoyo ina mvuto wake, na mvuto huo una mtego. Mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, walitua mizigo hapa. Vilevile watu waliotekwa waliletwa hapa na kuvushwa. Mwandaaji akiwa na Mmarekani mweusi jukwaani na bahari nyuma yake, atashawishika kusema kwamba babu zake waliondoka kwenye ufuo huu huu. Asiseme hivyo. Watu waliovushwa kutoka Bagamoyo walipelekwa hasa Unguja na Pemba kwenye mashamba ya karafuu, na wengine Uarabuni na Ghuba. Mababu wa watu wa Mississippi na Louisiana walitoka zaidi upande wa pili wa bara, kuanzia Senegambia na pwani inayofuata hadi Kongo na Angola. Wageni wetu wengi wanaijua historia hiyo vizuri, na nimewahi kuona uso wa mwimbaji mmoja ukinyauka alipotambulishwa kwa maneno yasiyo ya kweli mbele ya umati uliokuwa ukimlilia. Maumivu ya pwani hii ni makubwa vya kutosha, hayahitaji kuazima ya wengine.

Vilevile usimruhusu mshereheshaji kusema kwamba bluzi ilizaliwa Mali. Bluzi ilizaliwa kusini mwa Marekani baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, miongoni mwa watu walioimba wakilima pamba, wakijenga matuta ya mto na wakiabudu makanisani, na ndani yake mna damu za Waafrika wa mataifa mengi pamoja na vitu walivyovikuta huko. Mwanamuziki W. C. Handy aliisikia kwenye stesheni ya reli ya Tutwiler, Mississippi, karibu na mwaka 1903, mtu akitelezesha kisu kwenye nyuzi za gitaa. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi wimbo wa bluzi uliouzwa sana na kuwafungulia wenzake milango ya studio. Mwaka 1943 Muddy Waters aliondoka Mississippi kwenda Chicago, na huko akaichomeka bluzi kwenye umeme. Maneno kama haya, yakisemwa kwa dakika tatu mwanzoni mwa usiku, yanatosha kabisa. Muda uliobaki ni wa muziki.

Kwa upande wetu tuna jambo la kweli la kuwapa wageni, nalo ni zuri kuliko hadithi ya kubuni. Wagogo wa Dodoma huimba na kupatanisha ilimba zao, ala za vibao vya chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, kwa sauti zinazofuata mwangwi wa asili wa uzi au wa bomba, na kwa hiyo sauti inayotokana na mwangwi wa saba iko chini kidogo kuliko ile ya piano iliyo karibu nayo. Mpiga bluzi akiisikia atainua kichwa. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kuupeleka muziki huo ulimwenguni hadi alipofariki mwaka 2003, ameacha mjini hapa watu wanaozijua zeze na ilimba kwa undani. Waalike mapema, walipwe kama wageni wanavyolipwa, na wawe wenyeji wa usiku ule: wao ndio wafungue onyesho. Nikiona msanii wa nyumbani amepewa soda na nauli huku mgeni akipewa mkataba, moyo wangu huuma, na muziki huo hauwezi kuwa wa usawa hata ukipatanishwa vipi.

Mazoezi ya siku tatu

Siku tatu za mazoezi ndizo kiwango cha chini. Siku ya kwanza wasanii wasipige chochote cha onyesho. Wakae, wale pamoja, kila mmoja apige nyimbo za kwao huku wengine wakisikiliza. Mkalimani wa Kifaransa ni wa lazima, kwa kuwa wanamuziki wengi wa Mali na Gine huzungumza Kifaransa pamoja na Kibambara au Kimaninka, ilhali Wamarekani watakuwa na Kiingereza. Mtafute mkalimani anayejua muziki kiasi, kwani mtu asiyejua tofauti ya pigo la kwanza na la pili atatafsiri maneno na kuacha maana.

Ugumu wa siku ya pili utakuwa katika mapigo. Mpiga bluzi huhesabu moja, mbili, tatu, nne, kila pigo likigawanyika katika matatu kwa mwendo wa kuchechemea. Mpiga djembe, ngoma ya mkono ya Afrika Magharibi, au mpiga kibuyu kinachopigwa kama ngoma, huisikia mizunguko hiyo hiyo ikigawanyika mawili na matatu kwa wakati mmoja, na huenda asilione pigo la kwanza mahali ambapo mwenzake analiona. Wakianza kubishana kwa hesabu, siku itapotea. Njia iliyo bora ni kumwacha mwenye kibuyu aanze peke yake, wengine wapige makofi hadi miili ikubaliane, kisha gitaa liingie la mwisho. Sisi wa pwani tuliolelewa na ngoma za aina hiyo tunaweza kusaidia hapa kuliko tunavyodhani. Kijana wa TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, anayejua kushika mkong'osio wa ngoma anaweza kukaa kati ya wageni wawili na kuwa daraja lao.

Usirundike ngoma. Mtu akisikia Afrika Magharibi huwaza djembe sita, lakini bluzi ya zamani ilikuwa ya sauti, nyuzi na kisigino kinachogonga sakafu. Ukimya huo wa ngoma una historia yake, kwa kuwa koloni la South Carolina, baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, lilipitisha mwaka 1740 sheria iliyowakataza watumwa kutumia ngoma. Hata hivyo vilima vya kaskazini mwa Mississippi vilibaki na muziki wa ngoma na filimbi ya mwanzi, ambao Otha Turner aliuendeleza hadi alipofariki mwaka 2003. Chagua wimbo mmoja wa aina hiyo, na humo djembe na ngoma zetu zitoke zote. Katika nyimbo nyingine kibuyu kimoja kinatosha.

Siku ya tatu pigeni onyesho zima kwa mpangilio wake, pamoja na mapumziko ya kupatanisha nyuzi, bila kusimama.

Sauti, umeme na upepo wa bahari

Kosa la kawaida la mafundi mitambo, hata walio hodari, ni kuiona mivumo ya ala za Kiafrika kama hitilafu. Balafoni ina vibuyu chini yake vyenye matundu yaliyofunikwa utando mwembamba, ili kila noti itoke na mvumo. Djembe hufungwa vibati vyenye pete zinazolia, na kora nyingi zina kibati cha namna hiyo. Ilimba ya Wagogo ina matundu yanayozibwa kwa utando wa buibui kwa kusudi lile lile. Mwimbaji wa bluzi anayekwaruza koo lake, na kipande cha chupa kinachosugua nyuzi za gitaa, ni ndugu wa mivumo hiyo. Kaa na fundi mitambo siku ya mazoezi, umsikilizishe, na umwombe asisafishe sauti hizo. Ukipitisha vitu vyote kwenye chujio la mikisa, mtambo wa kuchanganya sauti, utabaki na muziki wa hotelini.

Kora huhitaji kinasa sauti cha kubandika pamoja na maikrofoni mbele ya tundu lake, na spika za jukwaani ziwe chini, kwa sababu kibuyu hupokea sauti na kuanza kuunguruma chenyewe. Mkalishe mpiga kora mbali na kipaza sauti cha gitaa la umeme. Kwa jumla punguza sauti ya gitaa hadi kora isikike bila kuongezwa sana. Mpiga bluzi aliyezoea baa za Chicago atalalamika siku ya kwanza, na siku ya tatu atashukuru.

Umeme usidharauliwe hata kidogo. Marekani hutumia volti 120, Tanzania hutumia volti 230. Kipaza sauti cha gitaa kilichotoka Marekani kikichomekwa moja kwa moja ukutani hapa kitaungua kabla wimbo haujaanza, na nimewahi kunusa moshi wake. Ama mgeni aje bila kipaza sauti, ukodi kimoja Dar es Salaam, ama uwe na transfoma yenye uwezo unaotosha, iliyojaribiwa siku moja kabla. Wageni wa Mali na Senegal hawana tatizo la volti, lakini plagi zao ni za Kifaransa zenye miguu miwili ya mviringo, kwa hiyo weka adapta za kutosha. Jenereta liwepo, limejazwa mafuta, na likae upande ambao upepo utaupeleka mlio wake mbali na watu.

Unyevu wa bahari hulegeza ngozi ya kora na ya djembe, na nyuzi hushuka pamoja nayo. Ala zisitolewe kwenye chumba chenye kiyoyozi na kupelekwa jukwaani dakika ya mwisho. Zifike saa mbili kabla, zikae kivulini mahali zitakapopigwa, zizoee hewa, ndipo zipatanishwe. Zipatanishwe tena mara tu kabla ya kuanza, kwa kuwa jua likizama hewa hubadilika upesi.

Tarehe, vibali na wageni njiani

Epuka Masika, yaani Machi hadi Mei, na ujihadhari na Vuli ya mwishoni mwa mwaka. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama kwa jukwaa la wazi. Usiweke onyesho ndani ya mwezi wa Ramadhani. Mpangilio unaoheshimu mji ni kufungua milango baada ya Magharibi na kupiga noti ya kwanza baada ya Isha, na siku iwe Jumamosi, kwa sababu wasikilizaji wengi watatoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zipatazo 70, na watataka kurudi usiku huo. Mahali panapofaa zaidi ni TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na ambayo tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka 1982. Pana jukwaa, pana wanafunzi, na watu wa mji wanapajua. Njia nyingine ya kupunguza gharama ni kuangalia wasanii wa Afrika Magharibi wanaokuja Zanzibar kwa tamasha la Sauti za Busara mwezi Februari na kuwaomba waongeze siku nne. Watavuka kwa boti hadi Dar es Salaam na kuja kwa barabara.

Vibali vianze kushughulikiwa miezi mitatu kabla. Kibali cha wasanii wa kigeni hutolewa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Masuala ya hakimiliki uliza COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Na Idara ya Uhamiaji ithibitishe aina ya ruhusa ambayo kila msanii anahitaji, kwa kuwa viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi ya malipo. Wageni kutoka Mali, Senegal, Gambia au Gine wawe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani wataulizwa mpakani. Afisa utamaduni wa halmashauri na ofisi ya mtaa wapelekewe taarifa kwa mkono, si kwa simu, na wazee wa mtaa ulio jirani na ukumbi waendewe nyumbani, waamkiwe, na waalikwe kukaa mbele.

Usiku wenyewe

Saa mbili na nusu za muziki zinatosha. Zeze na ilimba zifungue. Mpiga bluzi aingie peke yake na gitaa lisilo na umeme, kisha mpiga ngoni aketi kando yake bila kutangazwa na wafanye nyimbo mbili za kodi moja. Kora ipewe nafasi ya peke yake katikati, kwa mpangilio wake wa asili, kabla nyuzi tatu hazijateremshwa. Mapumziko yawekwe hapo, na mwenye kora ayatumie kuzirekebisha. Baada ya mapumziko ndipo nyimbo za vipimo 12 na za umeme zije, na wimbo wa ngoma na filimbi uwe wa mwisho.

Chapa karatasi moja yenye muhtasari wa Kiswahili wa kila wimbo, mistari mitatu au minne. Bluzi ni maneno kwanza: nyumba iliyosombwa na mafuriko, mwajiri asiyelipa, mpenzi aliyepanda treni. Watu wa pwani, waliolelewa na mashairi na mafumbo ya taarabu, wakiyapata maneno hayo watacheka na kuguna mahali panapostahili, na mwimbaji atahisi.

Jeli akianza kuwasifu waliohudhuria, huenda mtu akainuka na kumtunza fedha jukwaani. Desturi hiyo iko Mali na iko kwetu katika taarabu, na walinzi wa ukumbi waambiwe mapema wasiizuie. Mpiga bluzi naye aelezwe, ili asidhani kwamba onyesho limevamiwa, na akubaliane mapema na mwenzake kama fedha hizo ni za jeli peke yake, kama ilivyo desturi, au zitagawanywa.

Malipo yakamilishwe usiku ule ule, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Kama onyesho limerekodiwa, kila msanii, wakiwemo wapiga zeze, atie saini ya ridhaa akijua rekodi itatumika wapi, na nakala moja yenye majina ya wapigaji wote na ala zao iachwe TaSUBa kwa ajili ya wanafunzi. Asubuhi, kabla ya safari ya uwanja wa ndege, mkumbushe mwenye kora alegeze nyuzi zake, ifunikwe kwa nguo nzito, na iombewe nafasi ndani ya ndege pamoja na abiria, kwa kuwa kibuyu kikipasuka hakishonwi.